Nuru, Jani na Kitenzi: Namna Mmea Unavyojipatia Nishati ya Kikemikali na Namna Kiswahili Kinavyoieleza Kazi Hiyo

1. Utangulizi

Mabibo ni kata ya jijini Dar es Salaam ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni na leo imo katika Manispaa ya Ubungo. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mabibo ni jina la hosteli. Kwa wafanyabiashara wa mazao, ni mahali lilipo soko la ndizi lijulikanalo kama Mahakama ya Ndizi. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, Mabibo ni kwanza nomino ya kawaida. Ni wingi wa bibo, yaani tunda lenye nyama na maji ambalo korosho huning'inia chini yake, katika mti uitwao mkorosho, mbibo au mkanju.

Utamu wa bibo, mafuta ya korosho na wanga wa ndizi iliyoshushwa sokoni ni vitu vitatu tofauti, lakini chimbuko lake ni moja. Vyote vilijengwa kwa nishati ya jua iliyonaswa na jani. Swali ni hili: jani huinasaje nuru, kitu kisichoshikika, na kuigeuza kuwa nishati ya kikemikali inayoweza kutumiwa na kuhifadhiwa?

Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali hulipata jibu la kwanza kwa Kiswahili: mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa. Akifika sekondari, jibu refu zaidi hulikuta vitabuni na katika mitihani kwa Kiingereza. Kati ya jibu fupi na jibu refu pana pengo, na aghalabu pengo hilo huelezwa kuwa ni upungufu wa istilahi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha jambo tofauti kidogo. Istilahi nyingi zinazohitajika zimekwisha kuundwa, na zilizobaki zinaweza kutoholewa bila taabu. Kinachobeba maelezo yenyewe ni kitenzi pamoja na minyambuliko yake, na hicho ndicho kilichopewa nafasi ndogo katika kazi ya kukuza lugha ya sayansi. Njia bora ya kulithibitisha dai hilo ni kuieleza kazi ya jani kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, na kutazama ni maneno gani yanayoifanya kazi.

2. Istilahi "usanisinuru" na mipaka yake

Juhudi za kusanifu msamiati wa Kiswahili zina historia ndefu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilianzishwa mwaka 1964. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likafuata mwaka 1967, mwaka uleule ambao Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini Tanzania. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya TUKI inaendelezwa tangu mwaka 2009 na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Katika hazina hiyo ya maneno, "usanisinuru" ni miongoni mwa istilahi zilizoenea zaidi, kwani kila aliyepitia somo la sayansi la shule ya msingi amewahi kuisikia.

Kimuundo, istilahi hii imeunganisha nomino mbili, "usanisi" na "nuru", bila kihusishi wala kiunganishi chochote cha uhusiano kati yake. Muundo wa namna hii ni wa kawaida katika Kiswahili cha kitaaluma. Mfano wake ni "isimujamii", ambayo tafsiri yake ni isimu ya jamii. Lakini hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi anayeufuata mfano huo ataisoma "usanisinuru" kuwa ni usanisi wa nuru, yaani utengenezaji wa nuru, maana ambayo ni kinyume cha kweli. Maana iliyokusudiwa ni usanisi kwa nuru. Nuru hapa ni ala, si zao. Nomino ambatani imeuficha uhusiano ambao sentensi yenye kitenzi ingeudhihirisha mara moja: mmea husanisi chakula kwa nuru.

Hata baada ya kusahihishwa hivyo, istilahi ina mpaka wa pili. Nuru haitengenezi chakula moja kwa moja. Kazi nzima ina hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, iitwayo hatua ya nuru, nishati ya jua hugeuzwa kuwa nishati ya kikemikali katika molekuli za aina mbili zinazojulikana duniani kote kwa vifupisho vya ATP na NADPH. Katika hatua ya pili, molekuli hizo hutumika kuijenga sukari kutokana na hewa ukaa. Baadhi ya walimu huiita hatua hii ya pili "hatua ya giza", na jina hilo limewapotosha wengi, kwa sababu hatua hiyo hutendeka mchana, sambamba na ya kwanza, na baadhi ya vimeng'enya vyake huhitaji kuamshwa na athari za nuru. Ni sahihi zaidi kuiita hatua ya ujenzi wa sukari. Mhadhara huu unashughulikia hatua ya kwanza.

3. Mahali pa kazi

Ndani ya seli za jani la mkorosho, kama ilivyo katika majani mengine ya kijani, mna vijiumbe vidogo viitwavyo kloroplasti. Ndani ya kila kloroplasti mna majimaji yaitwayo stroma, na ndani ya majimaji hayo mna vifuko bapa vilivyopangwa kama sahani zilizobebanishwa. Vifuko hivyo huitwa thilakoidi. Ukuta wa thilakoidi ni utando mwembamba wa mafuta na protini, na katika utando huo ndimo ulimo umbijani, ambao pia huitwa klorofili, yaani rangi inayolifanya jani lionekane kijani.

Jambo la kushika mapema ni kwamba thilakoidi ina ndani na nje. Utando wake hauruhusu chembe zenye chaji kupita ovyo. Kama kifuko hicho kingetobolewa, sehemu kubwa ya kazi itakayoelezwa hapa chini isingewezekana, ijapokuwa umbijani wote ungekuwapo na jua lingewaka vilevile.

4. Kusisimua, kusisimka na kupokezana

Nuru husafiri kama vifurushi vidogo vya nishati viitwavyo fotoni. Umbijani hufyonza zaidi nuru nyekundu na ya buluu. Nuru ya kijani hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi, na sehemu yake inayorudishwa ndiyo inayolifikia jicho. Fotoni inapofyonzwa, elektroni moja ya molekuli ya umbijani hupandishwa kwenye ngazi ya juu ya nishati. Kwa Kiswahili husemwa kwamba nuru imeisisimua molekuli, nayo molekuli imesisimka.

Hali ya msisimko haidumu. Molekuli ya umbijani iliyo peke yake hurudi katika hali yake ya awali ndani ya muda usiozidi sehemu chache za bilioni za sekunde, na nishati yake hupotea kama joto au kama nuru hafifu nyekundu. Jambo hili laweza kuonekana kwa macho: majani mabichi yakipondwa ndani ya spiriti na maji yake yakachujwa, kisha yakamulikwa kwa nuru kali ya buluu, maji hayo ya kijani hutoa mng'ao mwekundu. Umbijani umesisimka, lakini hauna wa kumpa.

Ndani ya thilakoidi mambo ni tofauti. Mamia ya molekuli za umbijani, pamoja na rangi nyingine, zimepangwa karibu karibu kama antena, nazo hupokezana ule msisimko kama mafundi wanavyopasiana matofali kutoka mkono hadi mkono. Kinachopita hapa ni nishati tu. Elektroni za kila molekuli hubaki kwao. Msisimko hupokezanwa mpaka ufike kwenye molekuli maalumu za umbijani zilizo katika kitovu cha mmenyuko. Antena na kitovu chake kwa pamoja ni mfumo mmoja wa kunasa nuru, na katika mhadhara huu utaitwa mfumonuru.

Mimea ina mifumonuru miwili. Kazi huanzia katika mfumonuru wa pili na kuendelea katika mfumonuru wa kwanza. Namba hizo zinatokana na historia ya utafiti wala si mfuatano wa kazi. Kitovu cha mfumonuru wa pili huitwa P680, na cha mfumonuru wa kwanza P700, kwa kuwa hufyonza vizuri nuru yenye urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 680 na 700.

Katika kitovu, tendo hubadilika. P680 inaposisimka, hairudishi elektroni yake chini, bali huikabidhi kwa molekuli jirani. Mpaka hapo nuru ilikuwa imesisimua tu; sasa elektroni imehama. Kuhama huko ndiko kunakoigeuza nishati ya nuru kuwa nishati ya kikemikali, na yote yanayofuata ni matokeo yake.

5. Nani hupasua maji?

P680 iliyopoteza elektroni ina upungufu mkali. Ina nguvu ya kuvuta elektroni inayopita ile ya takribani kila kitu kingine kinachojulikana katika viumbe hai, na kwa hiyo huweza kuyapokonya hata maji, ambayo kwa kawaida hayaachii elektroni zake kwa urahisi. Haiyapokonyi moja kwa moja. Kati yake na maji kuna kishada cha atomu nne za manganizi na moja ya kalisi, zilizounganishwa na atomu tano za oksijeni. Umbo la kishada hicho lilionyeshwa kwa undani na watafiti wa Japani mwaka 2011.

Kishada hiki hufanya kazi kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo. Kila P680 inapopoteza elektroni moja, kishada huifidia kwa kutoa yake moja. Kikishatoa nne, chenyewe huzichukua elektroni nne kutoka katika molekuli mbili za maji kwa pamoja. Maji hayo huachana: oksijeni mbili huungana na kutoka kama hewa, na protoni nne hubaki ndani ya thilakoidi. Mwaka 1969 Pierre Joliot na wenzake nchini Ufaransa waliimulika mimea iliyokuwa gizani kwa miako mifupi ya nuru, mmoja baada ya mwingine, wakaona kwamba oksijeni hutoka kwa wingi katika mwako wa tatu, kisha wa saba, kisha wa kumi na moja. Mwaka 1970 Bessel Kok na wenzake walieleza sababu. Kishada huhesabu hadi nne, na kinapokaa gizani mara nyingi huwa kimekwisha kuhesabu moja.

Kwamba oksijeni hutoka katika maji, wala si katika hewa ukaa, ni jambo lililobishaniwa kwa muda. Mwaka 1937 Robin Hill wa Cambridge alianza kuonyesha kwamba kloroplasti zilizotolewa nje ya seli zaweza kutoa oksijeni bila kutumia hewa ukaa, mradi zipewe kitu kingine cha kupokea elektroni. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Berkeley, Marekani, walitumia maji yenye aina nzito ya oksijeni, wakaikuta oksijeni hiyo nzito katika hewa iliyotolewa.

Sasa tazama sarufi. Mtu akisema "nuru hupasua maji", amesema kosa, kwa kuwa nuru haiyagusi maji. Maji yaliyomo ndani ya glasi hayapasuki hata yakianikwa juani mwaka mzima. Akisema "maji hupasuka", amefuta mtenda na kudokeza kwamba jambo hutokea lenyewe. Akisema "maji hupasuliwa", amekiri kwamba mtenda yupo, na msomaji ana haki ya kumwuliza ni nani. Jibu ni kishada cha manganizi, kinachosukumwa na upungufu wa P680, uliosababishwa na nuru. Tofauti kati ya "-pasuka" na "-pasuliwa" ni ya silabi chache, lakini inatenganisha ufahamu na kukariri.

6. Safari ya elektroni

Elektroni iliyotoka P680 hupokewa hatimaye na kibebaji kiitwacho plastokwinoni. Kila plastokwinoni hubeba elektroni mbili, na pamoja nazo huchukua protoni mbili kutoka upande wa nje, yaani katika stroma. Kisha huogelea ndani ya utando hadi kwenye mkusanyiko wa protini uitwao sitokromu b6f. Hapo elektroni huendelea na safari, na protoni huachwa upande wa ndani. Kwa mzunguko mdogo unaorudisha baadhi ya elektroni nyuma, sitokromu b6f huingiza protoni mara mbili zaidi ya zile ambazo zingeingia kwa mwendo mnyoofu. Protini ndogo yenye shaba, plastosianini, ndiyo inayozipeleka elektroni moja moja hadi kwenye mfumonuru wa kwanza.

Kufikia hapo, sehemu ya nishati ya fotoni ya kwanza imekwisha kutumika katika kuingiza protoni. Elektroni huhitaji kupandishwa tena. Fotoni ya pili huisisimua P700, elektroni huruka juu kuliko awali, na elektroni iliyofika kwa plastosianini huziba pengo. Kutoka hapo huchukuliwa na feredoksini, protini yenye chuma, na kukabidhiwa kwa kimeng'enya kinachoijenga NADPH. Molekuli ya NADP+ ni kama daladala linalofika kituoni tupu: hupakia elektroni mbili na protoni moja, huondoka ikiwa NADPH, huzishusha penye ujenzi wa sukari, kisha hurudi tupu kupakia tena.

Ushahidi wa kupandishwa mara mbili ulianza na Robert Emerson. Mwaka 1957 alionyesha kwamba nuru nyekundu sana ikitumika pamoja na nuru yenye mawimbi mafupi zaidi, kazi ya mmea huzidi jumla ya kazi ya kila nuru ikiwa peke yake. Mwaka 1960 Robin Hill na Fay Bendall walipendekeza mchoro unaoiunganisha mifumonuru miwili kwa mfuatano, ambao kwa umbo lake hufananishwa na herufi Z.

Wakulima huijua safari hii kwa njia nyingine. Atrazini, dawa ya magugu inayotumika katika mashamba ya mahindi, huziba nafasi ambayo plastokwinoni hukaa katika mfumonuru wa pili, hivyo elektroni hukosa pa kwenda. Parakwati haizibi, yenyewe hupora elektroni katika mfumonuru wa kwanza na kuzitupia oksijeni, ambayo hugeuka kuwa sumu inayounguza tando za seli, na ndiyo maana huua haraka jua linapowaka. Dawa zote mbili huua magugu, lakini moja huziba na nyingine hupora. Aliyeelewa vitenzi hivyo viwili amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya mnyororo wenyewe.

7. Bwawa la protoni

Kufikia hapa NADPH imepatikana. ATP bado. Kwa miaka mingi wanasayansi waliitafuta molekuli ya kati ambayo ingeichukua nishati ya elektroni na kuipeleka kwenye ATP. Mwaka 1954 Daniel Arnon na wenzake huko Berkeley walikuwa wameonyesha kwamba kloroplasti zenyewe hutengeneza ATP zikimulikwa, lakini ile molekuli ya kati haikupatikana.

Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alipendekeza kwamba haikupatikana kwa sababu haipo. Nishati, alisema, hushikiliwa katika tofauti ya wingi wa protoni na chaji kati ya pande mbili za utando. Tukumbuke kwamba maji yaliyopasuliwa yaliacha protoni ndani ya thilakoidi, na kwamba plastokwinoni nayo iliingiza nyingine kutoka nje. Protoni hujazana ndani, hali nje zinapungua. Mfano wake ni bwawa. Maji ya Mto Rufiji yaliyozuiliwa katika Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mitambo yake ilisanifiwa kutoa megawati 2,115, hayana umeme ndani yake. Yana mwinuko, na yanapoachiwa yashuke huizungusha mitambo, nayo mitambo hufua umeme. Protoni nazo hazina ATP ndani yake. Zina msongamano na chaji, na zinapoachiwa zitoke hupitia katika mtambo maalumu uliomo kwenye utando. Mfano wa bwawa una mpaka wake: protoni hazishuki kwa uzito wake, bali hutoka penye wingi kwenda penye uchache.

Wazo la Mitchell lilipingwa vikali. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe, wakiwa Marekani, walilipima kwa jaribio lililo rahisi kulieleza. Walizilowesha thilakoidi za spinachi katika majimaji yenye asidi ya pH 4 mpaka ndani nako kukawa na asidi, kisha wakazihamishia ghafla katika majimaji ya pH 8 yenye ADP na fosfati. Yote hayo yalifanyika gizani. ATP ilitengenezwa. Hapakuwa na nuru wala mwendo wa elektroni. Palikuwa na tofauti ya protoni tu, nayo ilitosha. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978.

Mtambo wenyewe, kimeng'enya kinachounda ATP, una sehemu inayozunguka kwelikweli. Protoni zinapopita, hulizungusha gurudumu lililomo katika utando. Gurudumu huzungusha mhimili. Mhimili hulazimisha sehemu ya nje ya kimeng'enya kubadili umbo mara tatu katika kila mzunguko, na kila mara ADP na fosfati huungana kuwa ATP moja. Kwa kuufafanua utendaji huo, Paul Boyer na John Walker walishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1997. Katika kloroplasti za spinachi gurudumu lina vipande 14, hivyo mzunguko mmoja huhitaji protoni 14 na kutoa ATP tatu.

8. Hesabu ya mwisho

Ili molekuli moja ya oksijeni itoke, molekuli mbili za maji hupasuliwa na elektroni nne huhama. Kila elektroni hupandishwa mara mbili, kwa hiyo fotoni zisizopungua nane huhitajika. Mapato yake ni NADPH mbili na protoni 12 zilizojazwa ndani ya thilakoidi: nne kutoka katika maji na nane kupitia sitokromu b6f. Kwa kipimo cha protoni 14 kwa ATP tatu, protoni 12 hutoa ATP zipatazo 2.6.

Hesabu hii inafunua upungufu. Hatua ya ujenzi wa sukari huhitaji ATP tatu na NADPH mbili kwa kila molekuli moja ya hewa ukaa. NADPH zinatosha, lakini ATP hupungua kidogo. Mmea huziba sehemu ya upungufu huo kwa kuzungusha baadhi ya elektroni: badala ya kupakiwa katika NADPH, elektroni za mfumonuru wa kwanza hurudishwa kwenye plastokwinoni, huingiza protoni zaidi, kisha hurejea P700. Mzunguko huo hautoi oksijeni wala NADPH, lakini huongeza ATP.

ATP na NADPH si akiba. Hutumika karibu papo hapo, na jani haliwezi kuzilimbikiza hadi usiku. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu mchana kwa mapambazuko, na kazi ya jani huufuata mchana huohuo. Jua likichwa saa kumi na mbili jioni, elektroni husimama, na katika muda mfupi tofauti ya protoni hutoweka. Ndiyo maana hatua ya pili ni ya lazima: sukari na wanga ndiyo maghala yanayoweza kuvuka usiku, kusafirishwa katika lori kutoka Mbeya au Kilimanjaro, na kushushwa Mabibo yakiwa ndani ya mkungu wa ndizi.

9. Kitenzi katika lugha ya sayansi

Maelezo yaliyotangulia yametumia nomino ngeni zisizo chache: fotoni, elektroni, thilakoidi, plastokwinoni, feredoksini. Zote zimetoholewa, na hakuna hata moja iliyozuia maelezo kuendelea. Hazikumzuia msomaji kwa kuwa nomino ya namna hii hutaja tu. Mtu aweza kuijua plastokwinoni kwa kazi yake kama anavyomjua jirani mpya kwa shughuli zake. Kazi ya kueleza imefanywa na vitenzi ambavyo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anavyo tangu utotoni, na hasa na viambishi vyake vya unyambulishaji.

Kauli ya kutendesha na ya kutendeka zimetofautisha chanzo na hali: nuru husisimua, umbijani husisimka, protoni huzungusha, gurudumu huzunguka. Kauli ya kutendana imeeleza mwenendo wa antena: molekuli hupokezana. Kauli ya kutendwa imemdai mtenda aliyefichwa: maji hupasuliwa. Kauli ya kutendea, ikiungana na kirejeshi -ji-, imetoa ile sentensi ya darasani, "mmea hujitengenezea chakula", ambayo kwa neno moja inataja mtenda, tendo na mnufaika. Mfumo huu ni sehemu ya sarufi ya Kibantu, na lugha nyingi za sayansi duniani hazina chombo chepesi kama hiki cha kubainisha nani hufanya nini kwa nani.

Hata hivyo, kamusi za istilahi kwa kawaida zimejengwa juu ya nomino. Mwanafunzi hufundishwa neno "fotolisisi" na kuombwa alifafanue. Akiulizwa ni nini kinachoyapokonya maji elektroni, hunyamaza. Si kwamba hana lugha. Kitenzi kinachohitajika, "pokonya", amekitumia mara nyingi uwanjani, ila hakuna aliyemwambia kwamba kina nafasi katika biolojia. Katika darasa la sekondari hali huwa ngumu zaidi, kwani mwalimu mara nyingi hueleza kwa Kiswahili yale ambayo mtihani utayauliza kwa Kiingereza, na katika kuvuka huko nomino huvuka salama huku kitenzi kikiachwa ng'ambo.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, kila kidahizo cha nomino ya mchakato katika kamusi ya sayansi kiambatane na familia ya vitenzi vyake, pamoja na sentensi zinazoonyesha mtenda na mtendwa. Kidahizo cha "msisimko", kwa mfano, kingefaa kuonyesha "sisimua", "sisimka" na "sisimuliwa" pamoja na matumizi yake sahihi. Pili, istilahi ambatani kama "usanisinuru" ziendelee kutumika, kwa kuwa zimekwisha kuzoeleka, lakini zisifundishwe kamwe bila sentensi inayoufungua uhusiano uliofichika ndani yake.

10. Hitimisho

Katika hatua ya nuru, fotoni huusisimua umbijani. Umbijani hupokezana msisimko hadi kitovuni. Kitovu hupoteza elektroni. Maji hupokonywa zake na kuachia oksijeni. Elektroni husafiri na kuingiza protoni. Elektroni hizo hupandishwa tena na kupakiwa katika NADPH. Protoni zilizojazana hutoka na kuuzungusha mtambo unaounda ATP. Muhtasari huu umetumia maneno ambayo mwanafunzi wa Mabibo anaweza kuyafuata, na haukupunguza lolote la msingi katika sayansi yenyewe. Suala la lugha gani itumike kufundishia sekondari na vyuoni ni la kisera na lina hoja zake nyingi. Lakini hoja moja haina budi kuondolewa katika mjadala huo, nayo ni ile isemayo kwamba Kiswahili hakiwezi kuieleza kazi ya jani. Kinaweza, iwapo vitenzi vyake vitaruhusiwa kuingia darasani.